Mashine ya Kadi Iliyokufa Kila Adhuhuri

Weka bisibisi chini kwanza. Najua mkono unakuwasha. Wewe ni kijana, umetoka chuoni juzi, begi la vifaa bado linanukia duka, na mashine mbele yako imezima. Unataka kuifungua. Ngoja. Vuta kiti, kaa, nikuambie mambo niliyoyaona mimi Kanana, niliyetengeneza mashine za kadi kutoka Laare hadi Kiambere mpaka magoti yakakataa kupanda pikipiki.

Mashine ya kadi unaijua. Mtu anagusisha kadi yake, taa inawaka kijani, kitu kinafunguka: mlango, bomba la maji, tangi la maziwa. Sisi mafundi tuliiita rida. Ndani yake hakuna maajabu. Na nikuambie ukweli ambao walimu wengi hawausemi: rida yenyewe ni nadra sana kuharibika. Kinachoharibika ni chakula chake, yaani umeme, au hewa yake, yaani nafasi ya kupoa. Mtu asiyekula vizuri na anayelala chumba kisicho na dirisha, ukimpeleka hospitali kila wiki utakuwa unasumbua madaktari bure.

Aliyenifundisha hayo hakuwahi kuiona rida maishani mwake. Alikuwa Mzee Salim, fundi wa redio pale Majengo, Meru mjini, mtu mrefu mwenye kofia iliyopauka, kibanda chake kimebanana na bucha ya shemeji yake. Nilienda kwake nikiwa msichana aliyemaliza shule na hajui aende wapi. Watu walimwambia, "Mzee, huyu ni mwanamke, tena wa kanisani, utamfundisha waya?" Akawajibu, "Waya haina dini, na haijawahi kuniuliza mimi ni mwanamume."

Mzee Salim alikuwa na mazoea mawili. La kwanza, mteja akileta redio hakumwuliza imeharibika nini. Alimwuliza inaharibika lini. Asubuhi? Ukipandisha sauti? Jirani akiwasha pasi? La pili, kabla ya kushika kifaa chochote alikinusa, kisha akakigusa kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono una akili kuliko kiganja, alisema, na ukipigwa na umeme mkono unajikunja kuja kwako badala ya kung'ang'ania. Hilo lishike. Limeniokoa zaidi ya mara moja.

Sasa tazama vile maneno ya fundi wa redio yalivyokuja kunifaa. Kule Kiirua, wakulima walikuwa wakigusisha kadi kabla ya kumwaga maziwa kwenye tangi la kupoza. Rida ilikuwa inazima na kujiwasha yenyewe, inawapotezea wakulima muda, maziwa yanangoja kwenye mikebe. Mwenzangu Mugambi alikuwa amebadilisha rida, akabadilisha tena, na ile mpya nayo ikashika tabia ya marehemu. Nilipofika sikuigusa. Nilimwuliza karani, inazima lini? Akasema, "Madam, ni kama inashtuka. Lile tangi likianza kunguruma tu, hii inazima." Basi kazi ilikuwa imekwisha hapo. Mota ya tangi ikianza huvuta umeme kwa pupa, na rida iliyoungwa waya mmoja nayo ikabaki kulamba sahani. Niliipa rida waya wake na betri ndogo ya kuishikilia. Mugambi alinuna njia nzima mpaka tukafika Meru, kisha akacheka mwenyewe na kuninunulia chai.

Na Laare je? Pale kulikuwa na duka la vyakula lenye rida mezani, inapata moto mpaka inagoma, na mwenye duka alitaka kuirudisha Embu kwa kampuni. Nilikuta mke wake ameivisha kitambaa cha kushonwa kwa mkono, chenye maua mekundu, kimefunika kila tundu la kupitisha hewa. Nikakivua. Yule mama akanitazama kama nimemvulia mtoto nguo kanisani. "Sasa unataka ikae uchi mbele ya wateja?" Nikamwambia ndiyo, mama, hii ni ya kukaa uchi. Tulikubaliana kitambaa kikae chini yake, kisha nikafikiria tena nikakiondoa hata chini, maana matundu mengine yalikuwa huko. Alinipa ndizi za kubeba, lakini sidhani alinisamehe.

Hayo ni ya kucheka. Lile la Kiambere halikuwa la kucheka, na ndilo nililotaka kukusimulia.

Kule Mbeere, ukishapita Kiritiri ukiteremka kuelekea bwawa la umeme la Kiambere, jua ni la kazi. Nguzo kubwa za umeme zinapita juu ya mashamba ya ndengu zikipeleka umeme mbali, na chini yake watu wanawasha taa za sola. Palikuwa na kisima kirefu, pampu ya sola, tangi, na kioski cha maji cha kadi. Unagusisha kadi, vali inafunguka, mtungi unajaa. Hakukuwa na bomba la kufungua kwa mkono. Wenyeji wenyewe walikataa lisiwekwe, wakihofia maji yataibwa. Kwa hiyo rida ikifa, hata tangi likiwa limejaa pomoni, hakuna tone. Na maji yakikosekana kioskini, watu walirudi kuteka kwenye ukingo wa bwawa. Huko kuna mamba. Punda mmoja alikuwa ameshaburutwa mbele ya macho ya wenyewe, na kila mama aliyemtuma mtoto huko alibaki amesimama mlangoni mpaka arudi.

Mlinzi wa kioski aliitwa Ciarunji, mama wa makamo, mkavu wa mwili, mumewe mfuga nyuki. Simu zilianza kuja ofisini kwetu Embu: rida inakufa adhuhuri. Mafundi wakatumwa. Wote walifika asubuhi ili wawahi kurudi, wakaikuta inafanya kazi, wakaandika ni nzima, wakaondoka. Adhuhuri ikafa. Mwisho mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Nthiga, alipiga simu mwenyewe. Akasema wameitisha mkutano wa kumwondoa Ciarunji, na anataka fundi awepo ili aseme mbele ya watu kwamba mashine haina shida.

"Shida ni huyo mama," akaniambia. "Tumemwona. Watu wakiondoka anaifunika hiyo mashine na kitambaa, anaongea na yeye mwenyewe, halafu inafufuka. Hiyo ni mashine ama ni jini?"

Nikamwambia nitakuja, na nitashinda huko siku nzima.

Nilifika mapema. Rida ilikuwa inafanya kazi kama saa ya mzungu. Watu walijaza mitungi, punda wakapakiwa, na Ciarunji alikuwa akinitazama. Alijua mkutano ni alasiri hiyo. Nilimsalimu, nikaketi kwenye jerikani karibu naye, nikamwuliza swali la Mzee Salim: inakufa lini?

Alifikiri namcheka. Alipoona nangoja jibu, akasema, "Jua ikifika hapa," akaonyesha utosini. "Lakini si kila siku. Siku ya mawingu haifi. Na ikikufa, wingu ikipita kidogo, inaamka."

"Umewaambia mafundi hayo?"

"Waliniuliza nini imeharibika. Mimi nitajua nini imeharibika? Mimi si fundi."

Kijana, maneno yale yalinitosha. Kifaa kinachokufa kwa jua na kuamka kwa wingu hakijaharibika, kinaungua. Lakini kujua si kuthibitisha. Nikakaa. Tulikula ndengu na chapati baridi, akanionyesha mizinga ya mumewe kule mtini, na nikaiacha rida ijitaje yenyewe.

Ilijitaja. Jua lilipofika utosini, mama mmoja aligusisha kadi, taa ikawaka nusu, ikafifia, ikafa. Foleni ikaguna. Mtu mmoja akasema kwa Kimbeere jambo ambalo sikulielewa, lakini Ciarunji alilielewa, maana aliinamisha kichwa.

Ndipo nikaichukua bisibisi. Sanduku la chuma lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, sijui na nani, labda ili lisionyeshe vumbi. Nikanusa: harufu ya plastiki iliyochoka. Nikapeleka mgongo wa mkono, nikaurudisha mbio. Ndani mlikuwa tanuri.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo penye kazi. Betri ilikuwa ya volti kumi na mbili, na rida inataka tano. Zile za ziada lazima ziende mahali. Kioski kilipojengwa kiliwekewa kipunguza volti kizuri, kile kinachokata umeme vipande vidogo vidogo na kinabaki na ubaridi wake. Kilipokufa, fundi fulani aliweka cha bei rahisi, ambacho kazi yake yote ni kuigeuza ziada kuwa moto. Asubuhi si neno. Adhuhuri sola inasukuma betri mpaka inapita volti kumi na nne, ziada inaongezeka, moto unaongezeka, na ni wakati huohuo jua linachoma sanduku jeusi kutoka nje. Kile kijidude kina akili ya kujilinda: joto likizidi kinajizima, kikipoa kinajiwasha. Nilipima kwa mita. Upande wa betri, kumi na nne na kitu. Upande wa rida, sufuri. Rida ilikuwa inanyimwa chakula, nzima kabisa.

Ningeweza kuishia hapo, na fundi mvivu angeishia hapo. Lakini ilikuwaje taa ikafifia kabla ya kufa? Nikafuata waya mpaka kwenye kiungio chake cha betri, chini ya sanduku. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Waya wenye kutu namna ile unapitisha umeme ukiwa hauna kazi, lakini vali ikifunguka na kuvuta kwa nguvu, volti zinabaki njiani. Nikaifungua vali kidogo kwa kuiunga na waya huo kwa mkono, mita nikaigusisha pande mbili za kiungio na mzigo ukiwa kazini, na ilinionyesha hivyohivyo. Usipime kamwe kitu kikiwa kimepumzika ukadhani umekijua.

Nikamgeukia Ciarunji. "Mama, mvua haijanyesha huku kwa muda mrefu. Maji yametoka wapi humu ndani?"

Alikitazama kile kiungio. Kisha akasema polepole, "Ni mimi. Ikikufa, ninalowesha leso, ninaiwekea juu. Inapoa. Inaamka. Sikutaka watoto wa watu waende kwa mamba."

"Na kuongea peke yako?"

"Ninaomba. Wewe ungefanya nini?"

Hapo nilikwama, na si kwa ufundi. Leso ile ilikuwa imefanya kazi. Ilikuwa imepoza sanduku na kuwapa watu maji siku nyingi. Na leso ileile ilikuwa imechuruzika mpaka chini na kukila kiungio. Ciarunji aliyasoma hayo usoni mwangu.

"Ukisema hivyo mbele yao nimekwisha," akasema. "Watasema niliharibu mashine. Sema tu ni jua."

Ningeweza. Hakuna aliyeijua ile kutu isipokuwa mimi. Lakini nilijua pia kwamba mahali pale watu wana macho, na siku fundi mwingine akija akaiona alama ya maji, Ciarunji atakuwa mchawi na mwongo pia. Nikamwambia, "Mama, nitasema yote. Nusu ndiyo itakayokumaliza." Aligeuka. Alienda kusimama mbali, karibu na punda, amekunja mikono.

Watu walikuwa wameshajaa. Mzee Nthiga alivaa koti lake zito la mikutano, joto lile lote, na kofia kichwani. Alisimama, akanitambulisha kwa heshima, kisha akasema, "Haya, fundi. Waambie kama mashine ina shida."

"Mzee, mashine imekufa sasa hivi. Wewe mwenyewe jaribu."

Aligusisha kadi. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

"Basi naomba koti lako."

"Koti langu?"

"Na mikono yako. Lishike juu ya sanduku, usiliguse, lifanye kivuli tu. Na wewe, mama wa mbele hapo, chukua hiyo katoni upepee humu ndani."

Alisita, lakini watu walikuwa wanatazama, na mwenyekiti haogopi kivuli. Akavua koti, akalinyanyua. Mimi nikaufungua mlango wa sanduku upepo uingie. Tukangoja. Usidhani ilikuwa dakika moja kama kwenye sinema. Mikono ya mzee ilianza kushuka, mtu akatania, mtoto akalia, na mimi moyoni nilikuwa nasema, poa basi, poa, usiniaibishe. Kisha rida ikalia *pii* na taa ikawaka kijani.

Bibi mmoja mzee akauliza kwa sauti kubwa, "Nthiga, na wewe umeombea nini hapo?"

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka punda wakashtuka. Nthiga mwenyewe alisimama na koti lake hewani, hajui alishushe au aliache, na mwisho akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Nikawaeleza habari ya joto. Niliwaalika waje mmoja mmoja waweke mgongo wa mkono karibu na kile kijidude. Kisha nikasema yaliyobaki: kwamba Ciarunji aliligundua joto kabla yetu sote, kwamba alilipoza kwa leso yenye maji, na kwamba maji hayo yameozesha kiungio cha waya.

"Kumbe aliharibu!" mama mmoja akapaza sauti.

"Aliharibu kiungio," nikasema, "na kinabadilishwa kwa muda wa kunywa chai. Mbuzi wako walikunywa maji ya kioski siku hizo, ama ya mamba?"

Alirudi nyuma. Nthiga alivaa koti lake polepole, akafunga vifungo. Akasema kwamba kwa maoni yake mama aendelee na kazi. Watu wakaitikia. Ikaonekana ni kama imekwisha, na mimi nikainama kutafuta kiungio kipya.

"Haijaisha," Ciarunji akasema.

Alikuwa amerudi kutoka kwa punda. Ufunguo wa kioski ulikuwa mkononi mwake, na hakuupokeza kwa mtu wala hakuurudisha mfukoni.

"Mliniita jina," akasema. "Si kwa mkutano. Mliniita kwa njia, kwa posho mill nikisaga unga, hata kanisani watoto wangu walikalia benchi peke yao. Mzee, mimi nitafungua kesho. Lakini hilo jina mlilitoa chinichini. Liondoeni na sauti kubwa."

Mzee Nthiga angeweza kukasirika. Nimeona wenyeviti wengi, na wengi wangekasirika. Alivua kofia. Akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani kwamba Ciarunji si mchawi, kwamba yeye Nthiga ndiye aliyelisema jina hilo kwanza, na kwamba yeyote atakayelirudia atakuwa anamtukana yeye. Kisha akamtazama. Ciarunji alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, akaenda kufungua foleni upya. Hakutabasamu. Hakuwa na deni la tabasamu kwa mtu yeyote.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono, na ni tamu kuliko zote. Niliweka kipunguza volti cha ile aina nzuri ya kwanza, nikakitoa nje ya sanduku nikakifunga kwenye ukuta wa kaskazini, penye hewa. Nikabadilisha kiungio, nikakipaka grisi, nikaweka waya mnene zaidi. Sanduku tukalipaka rangi nyeupe. Juu yake tukafunga bati la kivuli, na baina ya bati na sanduku nikaacha nafasi ya kupitisha kiganja. Nafasi hiyo ni ya lazima, kijana. Bati likilalia sanduku halitakuwa kivuli, litakuwa kikaango. Chini nikatoboa matundu, na juu pia, ili hewa baridi iingie huku na ya moto itoke kule, na matundu yote nikayaziba kwa wavu maana nyigu wa Mbeere hawana adabu.

Ndiyo hivyo. Vifaa vyenu vya leo vina vioo vinavyoonyesha joto kwa rangi, na simu inayokuletea mchoro wa mashine ukiwa umesimama juani. Ningekuwa navyo ningefurahi, sitaki kujifanya. Lakini hakuna kioo kitakachokuambia kwamba jana palikuwa na mawingu na mashine haikufa. Hilo utaambiwa na mtu anayekaa nayo, ukimwuliza vizuri na ukinyamaza akijibu.

Msimu uliofuata jua lilikuja baya, lile ambalo hata mbuzi wanasimama kwenye kivuli cha nguzo. Nilikuwa Embu, mezani, nikaingiwa na wasiwasi. Mvua zilikuwa zimechelewa. Nilisubiri adhuhuri ifike kabisa, kisha nikapiga simu Kiambere. Iliita sana. Mwisho Ciarunji akapokea, na nyuma yake kulikuwa na kelele za mitungi na watu na maji yakimwagika.

"Mama, ni Kanana, fundi wa Embu. Jua huko likoje?"

"Ni mbaya sana. Kuliko ile siku ulikuja."

"Na rida? Inafanyaje?"

"Fundi, sina nafasi ya kuongea," akasema. "Si unasikia vile foleni iko refu?" Na akakata.